Zamu ya Kifuani

Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepunguza ukorofi wake. Sisi huku tuko hai, na neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Simu yako haipatikani, na habari hii si ya kupitishia kwa mwenye duka, ndiyo maana naandika.

Mkamwana wako alipandwa na presha, akaanguka kifafa cha mimba. Juzi wakampasua, wiki kumi kabla ya siku zake. Yeye yuko wodi nyingine, bado hajitambui vizuri. Mtoto ni wa kike. Ana gramu elfu moja mia moja na hamsini, Mama. Nyundo yangu inamzidi uzito.

Mashine ya joto ni moja, na tayari ina watoto watatu. Nesi mkuu, ambaye wodi nzima inamwita Mama Gramu kwa jinsi anavyopenda mizani, aliniuliza kama nina homa au kikohozi. Nikasema sina. Akaniambia nivue shati, akamlaza mtoto kifuani pangu akiwa na kofia na nepi tu, akatufunga pamoja kwa shuka.

"Mashine ndiyo wewe," akasema.

Mimi huyu wa kuchomelea mageti nimekaa saa sita bila kujikuna. Akina mama wanane wa wodi hii walinicheka mpaka wakachoka. Moyo wake unakimbia juu ya wangu. Sijapata kuona jambo la namna hii tangu nizaliwe, na naogopa hata kumeza mate.

Mwanao.

Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, mimi ndiye sina raha tangu nisome barua yako. Mpe pole nyingi mkamwana wangu, mwambie namwombea asubuhi na jioni. Na huyo mke mwenzangu mdogo, aliyekuja kabla ya kualikwa, msalimie sana.

Sasa nisikilize. Nimepokea watoto wa kijiji hiki miaka thelathini na minane. Mtoto wa aina hiyo hashikwishikwi. Anaviringishwa pamba, anafunikwa mablanketi mawili, analazwa penye joto, na haguswi ila wakati wa maziwa. Kifua cha mwanamume kina jasho, na chako kina moshi wa kazi juu yake. Hao wamekosa mashine, wakaona wakufanye kichekesho.

Mtoe hapo kifuani leo hii. Anayekwambia ni mama yako, si mtu wa kupita njia.

Mama yako.

Tarehe 16 Machi

Mama,

Shikamoo. Tuko wazima, sote watatu. Nimelitanguliza hilo ili yanayofuata uyasome ukiwa umekaa.

Barua yako ilinifikia asubuhi ambayo mtoto alikuwa ameshuka hadi elfu moja na ishirini. Mama Gramu alisema wote hushuka kwanza. Mimi nikaona wewe ndiye uliyesema kweli. Mama Gramu alipokwenda wodi ya pili nikamfungua mtoto, nikamviringisha pamba, mablanketi mawili, nikamlaza kitandani karibu na dirisha lenye jua. Nikavaa shati langu. Akatulia kweli, nami nikafurahi kwamba nimekutii.

Alikuwa ametulia kupita kiasi. Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyeona midomo inageuka kijivu. Mama Gramu alikuja mbio, akafumua yale mablanketi, akamsugua nyayo na mgongo. Hakunigombeza. Aliniambia tu nifungue kifua, akamrudisha.

Nilihesabu, Mama. Nilifika kumi na nne. Kisha akavuta pumzi, nami nikavuta, akavuta nyingine, kama mtu aliyesahau kazi akaonyeshwa tena inavyofanywa. Mama Gramu anasema blanketi halina joto lake, hutunza tu lililopo, na mtoto wa hivi hana la kutunza. Anasema pia kwamba mtoto anaposikia kifua kinapanda chini yake, hukumbuka kupumua. Nililia mbele ya wanawake wanane, na hakuna aliyecheka.

Sikulaumu. Ila kukuficha sikuweza.

Mwanao.

Tarehe 29 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki mbili sasa sijapata neno lako. Ni goti, au nimekukwaza? Kama ni mimi, nisamehe.

Mtoto amefika elfu moja mia mbili na themanini. Mama yake ameanza kutembea na maziwa yanatoka. Humbeba asubuhi, lakini kidonda bado kinamsumbua na daktari ameamuru apumzike nusu siku. Mchana nambeba mimi. Sasa bosi wangu ananihitaji mji wa pili wiki mbili, kwa mageti ya shule, na nisipokwenda ataweka mtu mwingine.

Zamu ya mchana itabaki haina mtu. Nakuomba uje, Mama. Naomba kifua chako.

Mwanao.

Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba kwa barua zote. Mkamwana wangu hajambo, amelala kitanda cha kando. Naandika kwa mkono mmoja, karatasi iko juu ya trei ya dawa. Mwandiko ukipinda mlaumu aliye chini ya shuka.

Hukunikwaza. Barua yako ile ya mablanketi niliisoma mara moja tu, nikaiweka chini ya godoro, nikashindwa kuigusa tena. Kabla yako palikuwa na mwingine. Hukuambiwa. Alikuja mapema kama huyu, wa kiume. Nilimviringisha pamba mwenyewe kama nilivyofundishwa, nikakataza watu wasimguse, na mimi sikumgusa. Siku ya tatu nilimkuta ametulia. Nikasema hakupangiwa, kisha nikaenda kufundisha wenzangu vilevile. Ni watoto wangapi, sijui. Wiki hizo mbili nilikuwa nawahesabu, na hawakuhesabika.

Nilimweleza Mama Gramu yote siku niliyofika, nikitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akanipa mtoto.

Leo mizani imesema elfu moja mia tano na sitini. Mikono hii imekata vitovu visivyo na idadi, mwanangu, na sikujua kwamba wanapumua hivi. Pumzi inagusa ngozi, inakwenda, unasubiri, inarudi. Nimekaa hapa mtu mzima na mvi zangu, nashangaa kila inaporudi.

Mama Gramu amekuja kusema zamu yangu imekwisha. Nimemwomba aniache kidogo, kwa sababu nimebeba wawili. Amekwenda kuwapima wengine kwanza.

Mama yenu.