Neno Ambalo Shangazi Alikataa Kulipanga

Chumba cha juu, Nyumba ya Chapa
Jumapili, tarehe 9 Mei

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimetulia, au baridi bado inakutesa? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo wake, unaujua, hauumwi kamwe.

Najua umesikia kwamba Shangazi amefungwa. Ni kweli alifungwa, lakini ametoka. Yuko hapa ubavuni mwangu, ananionya nisikuze mambo.

Unakumbuka wakati wa mapinduzi yeye ndiye aliyepanga herufi za kila tangazo lililobandikwa ukutani. Basi, mwezi wa pili Kamati ya Mapinduzi ilituletea sheria ya uchaguzi tuichape. Kifungu cha tatu kilisema kura ni ya "kila mwanamume". Shangazi alipofika hapo akavua aproni. Meneja akamuuliza kulikoni.

"Nimepanga maneno ya watu miaka kumi na tisa," akasema. "Hili la kunifuta mimi mwenyewe, tafuta mkono mwingine."

Mimi msahihishaji nikamwaga wino. Meneja akautafuta huo mkono mwingine. Wapanga herufi watano, wanaume kwa wanawake, wakatazamana, wakakaa kitako.

Alasiri askari wakaja, wakauliza kama mna risasi mle ndani. Shangazi akawaonyesha makasha ya herufi zetu za madini ya risasi: "Zimejaa tele, ila hizi hupigwa kwa wino." Askari mmoja alicheka. Mkubwa wao hakucheka. Wakamchukua, wakamfunga siku kumi na moja.

Nisikufiche, Kaka, niliogopa. Tulikuwa tumegoma sote; Mama alinisihi nirudi kazini, nami nusura nirudi. Kilichonizuia ni wanawake waliojipanga kila asubuhi mlangoni kwa Kamati kudai aachiwe: wachuuzi, wauguzi, hata mke wa meneja wetu, aliyemwacha bwana wake ajipikie. Mwishowe Kamati ikakubali Shangazi aletwe ukumbini aseme. Alikuwa amekonda, sauti imemkauka.

"Mlipotaka watu wa kusimama mbele ya bunduki," akawaambia, "hamkuuliza nani mwanamume. Mbona mnauliza leo?"

 Mikono ya wanakamati ikaanza kuinuka kumkubalia, mmoja mmoja.

Hatukupata yote. Kwenye mabaraza ya miji tutapiga kura. Ya bunge, wamesema tungoje. Shangazi anasema haba na haba hujaza kibaba, ila yeye hajui kungoja amekaa: ameshachukua fomu ya kugombea. Mimi ndiye mpiga debe wake, na sauti yangu hii ya kuku!

Jana tulikwenda kujiandikisha. Bibi yetu alikataa kubebwa, akatembea na mkongojo wake hadi mezani. Karani, bila kuinua kichwa, akamuuliza, "Mke wa nani?"

"Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, mwanangu," Bibi akamjibu. "Leo nimejileta mwenyewe. Andika."

Msalimie sana Wifi, uwabusu mapacha. Mjomba Mrefu naye anakusalimu, na Mama anauliza kama unakula. Mungu akulinde njiani na kazini, atukutanishe tukiwa na afya.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, Kitindamimba