Siku Babangu Alipotazama Televisheni

Mjukuu wangu Swafia,

Salamu zikufikie huko Nairobi. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mamako jana alivuka bahari kwenda Mokowe, upande wa bara, kununua saruji, maana ukuta wa ndani unamomonyoka.

Waniuliza kama ni dhambi kuingiwa na shaka ya imani kwa sababu ya video unazoziona simuni. Nilipokuwa wa rika lako, jirani yetu Bi Zena alinunua televisheni na kanda za video. Kanda moja ilionyesha watu wakitembea mwezini. Babangu, aliyekuwa akisomesha Kurani hapa mtaani kwetu Mkomani, alikuwa ametufundisha kwamba binadamu hawezi kufika huko. Siku tatu niliswali bila moyo. Mwishowe nikamwambia nilichokiona, nikingojea kofi.

"Twende nikaone," akasema.

Aliitazama kanda mpaka mwisho. Tukirudi akanishika mkono.

"Mimi ndiye niliyekosea, mwanangu. Mola hakukosea."

Kesho yake aliwaambia wanafunzi wake maneno hayo hayo, mbele yangu.

Ukija likizo, njoo na simu yako tuzitazame video hizo pamoja. Siahidi kuwa na kila jibu, lakini usikae na shaka hiyo peke yako.

Akupendaye,
Bibi yako