Treni ya Kujaza Viti

Baba watoto,

Salamu za nyumbani zitasubiri, maana siko nyumbani. Nakuandikia behewani na mwandiko unarukaruka, univumilie. Wakubwa wa reli wanahesabu abiria wiki hii. Wakikuta viti vitupu, treni yetu inafutwa. Basi mtaa mzima tunapanda, twende turudi, na safari hatuna. Kinyozi ananyolea watu humu humu. Kwenye kona mashine yake ya kunyolea iliteleza, na fundi cherehani sasa amevaa kofia na hasemi na mtu.

Mama yako naye yumo. Nilimwambia, "Mama, pumzisha magoti." Akanijibu, "Magoti ni yangu au ya reli?" Kila tukifika stesheni yako, ya huko uliko, anachungulia dirishani, halafu ananiambia alikuwa anatazama mizigo ikishushwa. Mizigo gani? Treni hii haibebi hata kuku.

Watu wananisifu kwa kuanzisha kampeni hii ya kujaza viti, eti nina uchungu na mji. Waache waseme. Treni ikifutwa, utakuwa na sababu ya kutokuja nyumbani. Mimi sitaki uipate.

Naishia hapa, tunakaribia stesheni yako na mama yako ameanza kufuta kioo.

Mkeo