Kioo cha Enesi

Jumatatu, 9 Juni
Nimeshusha mahindi lori mbili. Mgongo unawaka. Jioni nimeburuza sumaku yangu niliyoitoa kwenye spika kwenye vumbi la maegesho. Imenasa misumari, nati. Kuli mwenzangu Osiya kapiga kelele: "Mzee, toka mama Enesi afariki unaburuza hiyo tu. Buruza mke basi!" Watu wamecheka. Na mimi.
Binti yangu Enesi kalala hapa. Kesho anavuka mpaka hapo Nakonde, anakwenda maabara ya chuo huko kusini.

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi kanionyesha alichotengeneza miaka miwili. Anakiita kioo, lakini hujioni. Mkanda wa video kaubandika kwenye glasi iliyopinda kama sahani. Kwenye mkanda karekodi sumaku, mistari mistari. Atomu wanazipoza mpaka zinatambaa, wanaziangusha hapo, sumaku inazirudisha juu kama mpira. Kwa kuwa kimepinda, zinakutana sehemu moja. Mashine ya kuangushia atomu kapewa mpaka Jumatatu tu.
Alipokwenda kuoga nikajaribu. Nikapitisha sumaku yangu juu yake, nione kama kinavuta. Hakivuti. Nikakirudisha kwenye boksi. Nikacheka peke yangu. Sumaku gani hii.

Ijumaa, 13 Juni
Enesi kapiga simu analia. Atomu zinaanguka, hazirudi. "Baba, nimekosea kurekodi. Mwalimu anasema njia yangu haifai." Nikauliza, sumaku inafutika? Kasema ikikutana na sumaku kubwa inafutika, ila yake haikukutana na kitu.
Nikasema pole mwanangu.
Pole! Mwongo mkubwa mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Sikwenda kazini. Mtoto anajilaumu kwa kazi ya mkono wangu. Keshokutwa mashine anapewa mtu mwingine. Nimeshika simu mara nyingi, nimeiweka. Mwoga.

Jumapili, 15 Juni
Nimempigia kabla ya kanisa. Nimesema yote. Kauliza: "Ulipitisha mara ngapi?" Tatu. "Kwa urefu au kwa upana?" Urefu. Nasikia kalamu, anaandika.
"Kwa hiyo mimi sikukosea."
Kakata simu.
Kanisani nimekaa nyuma. Sikuimba.

Alhamisi, 19 Juni
Karudi. Mwalimu kakubali atengeneze kingine, ila zamu ya mashine mpaka mwakani. Hayo kamwambia jirani, nimesikia dirishani.
Mimi hajanipa shikamoo. Kafua, kaanika. Nimekaa nje juu ya ndoo, sikuingia.
Baadaye kafungua mlango. Kasema ugali unapoa.