Maji Yanakusikia, Mama

Mikumi, Jumatano

Shikamoo mama,

Huku kuna ukungu, tembo wanaonekana kama vichuguu vinavyotembea. Jana asubuhi niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye kituo cha umeme wa maji. Msimamizi wa mitambo alikuwa anamenya kiazi, mikono yote miwili ina kazi, mara mshale wa mita ukashuka kidogo sana na milango ya maji ikafunguka yenyewe. Mngurumo ukawa mzito, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

“Nani amefungua?” nikauliza.

“Hakuna. Watu wameamka. Mitambo ya nchi imeunganishwa. Popote wakiwasha, Mwanza au Kilosa, huu wetu unaongeza wenyewe.”

Nikakuona hapo Magomeni ya Kilosa, umekalia debe mbele ya mashine yako ya kusaga, unasubiri watu wa Dar wamalize kupiga pasi ndipo uwashe, ukiogopa kuwapunguzia umeme, huku wateja wanapita na mahindi yao kwenda kwa jirani.

Ukiipata kadi hii, mama, washa saa moja asubuhi. Humnyang'anyi mtu. Mungu akupe kifua chepesi katika vumbi hilo la unga. Kabla jiwe la kusagia halijashika kasi, maji ya huku yatakuwa yameshakusikia.

Mwanao,
Zuhura