Salamu Ndefu za Bibi wa London

Saluni ya Huguette,
Point, Durban.
20 Septemba 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nimepiga magoti kabisa, mpaka Huguette, mwenye saluni, ameniuliza kama nimeangusha kitana. Umeamkaje, mama? Mguu unasemaje na hizi mvua? Kaka Dominiki amemaliza kuezeka jiko, au bado anatafuta misumari? Migomba je? Na yule ng'ombe mkorofi, bado anapiga ndoo teke? Mimi ni mzima, nakula, nasali, na baridi ya huku imetuacha.

Najua unataka kurukia habari za kitabu, maana barua yako iliuliza kama kimekubaliwa, ikauliza tena chini, ikauliza tena pembeni. Vumilia kidogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi na shida yake.

Kwanza nikukumbushe, ili ukimsomea jirani asipotee. Ulipokuwa mtoto, Uingereza kulikuwa na watu wa mashati meusi, mafashisti, waliotaka kutawala kwa mabavu. Hawakushinda. Mimi nikajiuliza, je, wangeshinda? Sisi wa Tanganyika tungekuwa chini ya nani, na wewe wangekuacha usome? Wateja wetu hawalioni swali hilo kuwa la mchezo. Mmoja alizaliwa Cato Manor, mtaa wa hapa Durban, anakumbuka siku nyumba yao ilipobomolewa kwa sababu tu ya rangi yao. Basi nikaandika riwaya ya kijasusi: London, mwaka 1936, mashati meusi wameshika serikali, na bibi mmoja mwenye nyumba ya wapangaji anawaficha wapinzani wao darini.

Kusuka rasta ni kazi ya nusu siku, na mteja hana pa kwenda. Kwa hiyo Huguette anasuka, mimi nasoma. Zamu yangu ya kusuka ikifika, mteja anasoma, mmoja kwa Kiswahili cha Bukavu, mwingine cha Unguja, na mashati meusi wanatukanwa kwa lafudhi zote. Kuna dada anatoka Pinetown kwa teksi kuja kusukwa nywele ambazo hazijafumuka. Huguette anafurahi, anasema kitabu changu kinamlipia pango.

Aliyenichekesha na kuniumiza ni Marwa, kijana wa Musoma anayesoma historia chuo kikuu hapa. Nilimpa kurasa azipitie. Mama, bibi yangu wa London alikuwa hamruhusu mtu kukaa kabla hajamuuliza ameamkaje, watoto wamelalaje, na ndizi zimezaa vipi mwaka huu. Ndizi! London! Na mimi sikuona kosa lolote, nilidhani ndivyo watu wanavyoishi duniani. Marwa alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia Mwingereza anataja mvua, basi, amemaliza. Nikafuta ndizi. Salamu nikaziacha.

Kumbe mchapishaji wa Dar es Salaam naye aliziona. Barua yake haikuwa na hata hujambo: hadithi inasisimua, salamu zinakula karatasi, ziondolewe zote la sivyo atanirudishia mswada. Miaka mitatu ya kazi, mama. Nilijifungia chooni nikalia, halafu nikatoka nikaanza kukata. Nilitaka kitabu kitoke, sikufichi.

Nikawasomea wateja kile kilichobaki. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetukana. Kidawa, muuza kanga wa Unguja, akauliza kama yule bibi ni mgonjwa. Huguette akasimamisha mikono kabisa: "Eish, Vere, huyu mama iko anakimbizwa na nani? Hata jambo hapana?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Kama wao walistuka kukosa salamu, bibi wa London naye angestuka. Nikazirudisha zote, na nikaandika sura mpya. Jasusi wa mashati meusi anakuja akijifanya mwenzao. Majina yote anayajua, neno la siri analo. Bibi anamuuliza ameamkaje, anajibu vizuri. Anamuuliza mama yake hajambo, anajibu hajambo, na papo hapo anauliza wenzake wamelala chumba gani. Yeye hakumuuliza bibi chochote, hata mguu wake, na bibi anachechemea mbele yake! Bibi anamwambia chai iko tayari, anamtanguliza kwenye stoo ya makaa ya mawe, anafunga kwa nje.

Laiti ungekuwepo nilipoisoma. Kidawa aliruka kichwa nusu kimesukwa, kitana kikining'inia, akipiga vigelegele. Wapita njia walichungulia wakidhani kuna harusi.

Nikaituma, nikangoja, nikakonda. Juzi Papy, Mkongo wa duka la simu jirani, akaja mbio kuniita. Aliyepiga simu alikuwa mchapishaji. Mama, yule mtu aliniuliza nimeamkaje. Akauliza Durban kukoje, saluni inaendaje, wateja wangu hawajambo, na mama yangu kule Bukoba mguu haujambo? Mguu, mama, nami sikuwahi kumwandikia habari za mguu wako. Nilianza kulia kwa furaha kabla hajafika kwenye kitabu. Kitachapwa, na salamu zote zimo.

Nadhani umeshaelewa mguu huo ameutoa wapi. Bibi wa London ni wewe, mama. Kuchechemea ni kwako, chai ni yako, ule mtindo wa kutoka nyumbani kwenda misa ya kwanza ukafika ya pili kwa salamu za njiani ni wako. Hata jina ni lako, Adventina. Marwa aliapa hakuna Mwingereza mwenye jina hilo, nikamwambia sasa yupo. Nimekupenda sana nilipokuwa nakuandika.

Nisalimie Dominiki na mkewe, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, nisalimie majirani wote na yule ng'ombe. Huguette naye anakuamkia. Mchapishaji amesema nakala ya kwanza ataileta nyumbani mwenyewe, kwa mkono wake. Msikilize vizuri akifika mlangoni. Asipouliza mguu, stoo ya kuni ina komeo.

Ni mimi mwanao,
Verediana