Mnyamazishaji wa Malkia

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepata kazi ya kusimama! Ni ya jioni, juu ya ile ya ghala. Rafiki yangu Cliff ndiye aliyenisukuma. Eti Onyango, ukiendelea kukaa hapo nyumbani Fisksätra kila jioni unatazama ukuta, utaoza. Basi leo nikitoka ghalani Jordbro nimepitia ukumbi wa maigizo mjini. Mwongozaji, mama mmoja Mswidi anaitwa Marika, akanipima kwa macho kuanzia juu hadi chini. Akauliza kama naweza kusimama muda mrefu bila kusema neno. Nikamwambia tangu Agosti sifanyi kingine.

Hakucheka. Afadhali.

Mchezo wenyewe ni wa Konstantinopoli, ikulu ya wafalme wa zamani. Kumbe walikuwepo maofisa ambao kazi yao ilikuwa kulinda ukimya! Wanasimama penye mlango wa mfalme — asikohoe mtu, asinong'one mtu. Cheo kikubwa tu. Sasa mmoja wao ni mimi. Joho jeupe na fimbo ndefu ya rangi ya dhahabu.

Nimemwambia binti yangu Daisy. "Okej," akasema, akarudi chumbani. Miaka kumi na mitano. Tangu mamake afariki Agosti sijamwona akilia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi. Hadithi ni hivi: mfalme amekufa ndani, na mji haufai kujua mpaka mrithi apatikane. Malkia anapiga yowe. Mimi natoka mlangoni, napiga sakafu kwa fimbo mara tatu, malkia ananyamaza. Basi. Marika anasema mchezo wote unakaa juu ya hiyo fimbo.

Malkia anaitwa Ylva. Mtu wa adabu, anatusalimu hata sisi tusio na la kusema. Lakini alipofungua kinywa — Mungu wangu! Nywele zilinisimama. Kama akina mama wa kwetu Siaya. Huyu Mswidi alijifunzia wapi?

Nikagonga. Akanyamaza.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya chakula.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa nilimsimulia Cliff alichotuambia Marika: kwamba katika historia yenyewe mmoja wa maofisa hao alipata kuwa mfalme, kwa sababu malkia mjane alimchagua yeye. Cliff akacheka. Eti basi sogea karibu na huyo malkia wako!

Nikaweka kikombe chini, nikatoka nje. Akanifuata bila koti.

"Ndugu yangu, nisamehe. Ni ulimi tu."

Najua ni ulimi. Lakini kaburi la mke wangu Lorraine bado halina hata jiwe.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijalala vizuri. Niandike, labda itatoka.

Wazee walitaka Lorraine arudishwe nyumbani. Mke anazikwa bomani kwa mumewe, hilo halina mjadala. Lakini pale hospitalini Daisy alinishika mkono wa shati, akasema kwa Kiswahili, "Mama akae karibu." Ni nadra anijibu kwa Kiswahili. Nikachagua Daisy. Bado wazee hawapokei simu zangu.

Mama Concessa, mama mkwe wangu, hakugombana nami. Aliomba kitu kimoja tu: amwone mwanawe akiagwa, hata kama ni kwa simu. Cliff akaishika simu siku nzima ya mazishi kama yai.

Tulipolizunguka jeneza, mama akaanza. Kule Siaya ameketi uani, huku sauti yake imejaa kanisa dogo lote. "Atieno! Nyathina!" Mtoto wangu! Wanawake wetu nao wakaanza kuitikia. Nikahisi kifua kinafunguka — sasa, sasa analiliwa.

Kijana mhudumu akaja, taratibu kabisa, uso wa huruma. Akamnong'oneza Cliff. Familia nyingine iko chumba cha pili, wako kwenye ibada yao. Kama tunaweza, tafadhali.

Cliff akazima sauti.

Nikamwona mama kwenye kioo cha simu. Mikono kichwani, mdomo wazi. Hakuna kitu kinachotoka. Wanawake wetu wakauma leso zao. Halafu kahawa na keki, watu wanaongea polepole.

Hakuna aliyekosea. Hata huyo kijana. Ndiyo maana sina pa kuipeleka hasira hii.

Lorraine hakuliliwa.

Jumanne, 21 Oktoba

Gonga. Gonga. Gonga. Marika anasema niongeze nguvu, nisipige kama mtu anayeomba radhi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wakati wa kahawa Ylva ameniuliza kwa nini naangalia sakafu yeye akilia. Nikamweleza. Yote, mpaka ile simu. Kiswidi changu kilinikwama mara kadhaa, akasubiri.

Hakusema pole. Aliuliza jina. Lorraine Atieno. Akalirudia mpaka akalipata sawasawa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Onyesho la kwanza leo! Cliff anamleta Daisy. Amekubali mwenyewe, sikumlazimisha. Joho limepigwa pasi.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikugonga.

Jana Ylva alilia, nikatoka mlangoni, nikainua fimbo — mkono ukakataa. Akanitazama. Akangoja. Nami nimesimama tu. Basi akaendelea. Kilio kikapita pale kinapokomea kila siku, kikaenda mahali ambapo hatujawahi kufika. Ukumbini mtu akaanza kulia. Aliendelea mpaka sauti ikampasuka, akaketi chini mwenyewe. Mwigizaji aliyefuata alitakiwa kusema, "Sasa kumetulia." Akasahau.

Marika hakunifokea. Alisema ni jambo zuri, ila si mchezo wetu: mnyamazishaji hunyamazisha. Leo jioni nigonge, au joho alivae mwingine. Ana haki. Ylva alinishika bega, sauti imekauka kabisa. Eti leo jioni hajui atalia na nini.

Tulipokuwa tunashuka treni Fisksätra, Daisy akauliza, "Varför slog du inte, pappa?" Mbona hukugonga.

"Sikutaka anyamaze."

Akatangulia mbele, kofia ya koti kichwani.

Na leo, baada ya chakula cha mchana, alikuwa anaosha vyombo. Sahani ikamponyoka. Hakuiokota. Akaingia chumbani, halafu nikasikia. Nilidhani ni simu, ni mtu wa nyumbani! Sauti ileile ya akina mama. Hakuna aliyemfundisha. "Mama! Mama yangu! Mama!"

Niliingia, akanisukuma. Si kwa hasira — anataka nafasi. Nimekaa chini nje ya mlango wake, naandikia gotini. Marika amepiga simu mara mbili. Treni yangu inaondoka sasa hivi, nikiikosa nimekosa na kazi.

Jirani wa chini amebonyeza kengele. Anaita kupitia mlangoni, anauliza kama kuna jambo, kama tunaweza kupunguza kidogo. Anauliza kwa upole. Wote huku ni wapole.

Kengele tena. Daisy amepandisha sauti.

Mimi nimekaa penye mlango wake. Sifungui, simnyamazishi.